Nusu ya Mstari Niliyomnyima Fundi Jivan

Mwaka wa 1942 nilikuwa na miaka kumi na tisa, na huo ndio mwaka baba yangu alipoanguka kutoka kwenye mnazi akigema, asiinuke tena. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Mama aliachwa na wadogo zangu wanne, na mahindi yalikuwa yamekaukia shambani. Nikatoka Rabai alfajiri kwa miguu, mihogo ya kuchoma begani, nikafika Changamwe jua likiwa utosini. Shule nilisoma miaka miwili kwa wamisheni, ikanitosha kuandika jina langu na kulitambua likiandikwa na mwingine; mengine nilijifunza ukubwani. Sikuambii haya unihurumie, mwanangu. Nakuambia ujue kwamba nilivyo navyo nimevitoa kwenye mikono hii miwili, vyote isipokuwa kimoja. Hicho kimoja ndicho kilichonifanya nishike kalamu leo, nami kalamu siipendi.

Nakumbuka siku ile ya tatu pale Changamwe. Vita vilikuwa vimepamba moto, malori ya jeshi yakipita mfululizo, na kila lango la kiwanda lilikuwa na umati wa vijana kama mimi wanaotafuta kibarua. Nikachoka kusukumana, nikapotelea nyuma ya nyumba za wafanyakazi, nikakuta karakana ya seremala Mhindi. Mzee mwembamba, masharubu meupe, peke yake na ubao mrefu wa mbambakofi. Nilimsalimia, akaniuliza kama naweza kushika ubao. Nikasema naweza.

"Basi shika ncha hiyo. Usiukaze, usiulegeze. Mimi nakata huku. Ukiuachia kabla sijamaliza, utapasuka."

Nikashika. Alipomaliza, ubao haukupasuka, na sikuondoka tena pale.

Jina lake tulimwita Fundi Jivan. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, akisema "veve" badala ya "wewe", na vijana tulikuwa tukimwigiza na kucheka. Hapa nitayaandika maneno yake kwa Kiswahili changu mimi, kwa sababu sitaki umcheke. Mkewe alikwishafariki. Mtoto wake wa pekee, Harilal, alikwenda Bara Hindi kuoa kabla ya vita, vita vikamfungia huko, meli za abiria hakuna. Ndugu zake wengine walikaa kisiwani, mjini penyewe. Walimtaka ahamie kwao akakataa, akasema mbao zake hazitaweza kupanda ngazi.

Kila asubuhi kabla hajagusa zana, Fundi Jivan alioga kwa maji ya pipa, akawasha taa ndogo ya samli na kijiti cha udi, akafungua kitambaa chekundu. Ndani yake mlikuwa na kitabu alichoachiwa na baba yake. Alikiweka juu ya marfaa aliyoichonga mwenyewe, kama ile wanayowekea msahafu majirani zetu Waislamu, kwa maana kitabu hicho hakikuruhusiwa kugusa sakafu. Siku moja kilimponyoka. Alikiokota kwa mikono miwili, akakigusisha kwenye paji la uso wake, kama mtu anayemwomba radhi mkubwa wake. Kilikuwa cha Kisanskriti. Hiyo ni lugha ya zamani mno ya kwao, hata wao wenyewe hawaisemi dukani wala jikoni. Ni ya sala na vitabu vitakatifu peke yake. Nyumbani yeye alisema Kigujarati.

Basi alikisoma kwa sauti ya kuimba, mistari ileile, sura ileile, nami pale kwenye benchi nikiwa napiga randa. Kila mstari ulikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza inapanda, ya pili inashuka. Sikujua maana ya neno hata moja, lakini mkono wangu ulikuwa ukienda na ile sauti: randa mbele akipanda, randa nyuma akishuka.

Alinifundisha useremala, na humo ndani akanifundisha mambo yao bila kuniita darasani. Tulikuwa tukitengeneza kitanda. Nikapiga randa juu, upande wa chini nikauacha na magome yake. Akapitisha kiganja chini ya mbao.

"Huku vipi?"

"Huku nani ataona, fundi?"

"Wewe umeshaona."

Nikaugeuza ule ubao nikaanza upya, nimenuna. Yeye akaendelea, bila kunitazama, kuniambia kwamba kwao kuna neno *karma*, na watu hudhani ni adhabu au bahati, kumbe neno lenyewe maana yake ni tendo, kazi. Unalolitenda halipotei. Linakufanya wewe, polepole, kama wewe unavyoufanya ubao. Na kuna *dharma*, ndio wajibu uliowekwa mbele yako, si wa jirani. Akasema kitabu chake kinamtaka mtu afanye kazi yake vizuri kisha aachilie matunda yake, asiyang'ang'anie. Mimi nikamwambia kama ni kuachilia, basi mshahara wangu wa Jumamosi nitaung'ang'ania kidogo. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mara nyingine tulibishana. Mimi Mkristo, nilibatizwa Danieli ingawa kila mtu aliniita Karisa, na sikukubali kusemewa tu. Alikuwa na ubao uliokuwa mlango, ukavunjwa ukawa kasha, na siku hiyo tukiugeuza kuwa rafu. Akasema, "Mlango umekufa, kasha limekufa. Mti umekufa wapi?" Ndivyo alivyonieleza *atma*, nafsi iliyo ndani ya mtu, ambayo kwao haizaliwi wala haifi, huhama tu mwili hadi mwili, mpaka siku itakapofunguliwa kabisa isirudi tena. Kufunguliwa huko wanakuita *moksha*.

Nikamwambia, "Sisi tunasema mtu anaishi mara moja, kisha hukumu."

"Na roho je?"

"Roho haifi."

"Basi tunafanya kazi karakana moja," akasema, akanipa msasa.

Mwaka uliofuata macho yake yakaingia ukungu, mtoto wa jicho. Kupima alipima kwa vidole, lakini kitabu hakikusomeka tena. Alikifungua vilevile kila asubuhi, akakiweka mbele yake, akasoma kwa kichwa. Na kichwa nacho kikaanza kuchoka. Asubuhi moja akapanda nusu ya mstari, akasimama. Akarudia. Akasimama palepale. Mkono wangu ulikuwa na randa hewani ukingoja ile nusu ya kushuka, na kabla sijajua ninalofanya, nikaisema mimi.

Akageuza uso upande wangu. Taa ya samli ikawa inatetemeka.

"Tena," akasema.

Nikasema tena.

"Nani amekufundisha?"

"Wewe, fundi. Kila siku ya Mungu."

Akaniambia nianze mwanzo wa sura. Nikaanza, nikaenda, nikafika mwisho, kisha nikashika randa yangu kwa sababu niliona haya. Yule mzee alikuwa akilia, na sikuwahi kumwona akilia kwa mkewe wala kwa mwanawe.

Tangu siku hiyo nikawa namshikia. Akipotea, namrudisha. Na hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo nakuomba ulisikie vizuri, mwanangu, kwa sababu yote yaliyobaki yamesimama juu yake. Kwa imani yao, kile mtu anachokishika akilini kwenye pumzi yake ya mwisho ndicho kinachomwongoza anakokwenda. Ndiyo maana mwenye kufa husomewa. Harilal ndiye angefanya kazi hiyo, na Harilal hayupo. Kuhani wao yuko kisiwani, na kifo hakitumi barua.

"Sitaki uwe Mhindi," akaniambia. "Kaa na kanisa lako. Ni mstari tu unishikie, kama ulivyonishikia ubao siku ile. Mimi nakata huku, wewe shika ncha. Usiuachie kabla sijamaliza."

Nikasema, "Nitashika, fundi." Nilisema kwa kinywa changu, mchana kweupe, na mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu.

Sasa watu wana masikio. Ukuta wa karakana ulikuwa mmoja na ukuta wa Bi Rukia, mama mjane aliyekuwa akikaanga mahamri na kumpikia mzee chakula chake kisicho na nyama. Yeye alijua, na hakuwa na neno. Lakini vibarua wa nyumba za jirani nao wakasikia. Wakaanza kuniita Banyani wa Rabai. Nikipita wanaunganisha viganja na kuinama. "Banyani, leo umekula ng'ombe au umemwamkia?" Nikacheka nao. Nilikuwa kijana, nilitaka kupendwa.

Halafu kukawa na Agnesi. Agnesi alikuwa binti wa Mwalimu Zakaria, mwalimu wa kanisa letu pale Changamwe, mtu mnyoofu, mkali kama patasi mpya. Nilimtaka Agnesi kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Jumapili moja baada ya ibada, Mwalimu Zakaria akaniweka kando.

"Danieli, nasikia unasali Kihindi."

"Mimi, mwalimu? Sijui hata neno moja."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Angalia, mwanangu, wepesi wake. Ningeweza kusema, namsomea mzee kipofu asiyeona kitabu chake. Pengine Mwalimu Zakaria angekunja uso, pengine angeelewa. Sikumpa nafasi ya kuelewa. Nilikata pale palipokuwa laini.

Jumamosi ya posa ikafika. Mzee alikuwa na homa ya kifua siku ya nne. Asubuhi nilimpitia, akaniambia, "Nenda, leo ni siku yako, mimi nipo." Nikaenda na mjomba wangu, shati langu limepigwa pasi, tukakaa barazani kwa Mwalimu Zakaria. Mazungumzo yalikuwa mazuri. Agnesi alileta chai, akaweka kikombe changu bila kunitazama, nami nikajua yanakwenda vizuri.

Saa nane hivi Bi Rukia akatokea, leso kichwani, anahema, ametoka mbio.

"Hodi wenyewe. Niwieni radhi. Karisa, mzee anakuita. Hali si nzuri. Anasema umpelekee ule mstari uliobaki."

Mwalimu Zakaria akaweka kikombe chini. "Mstari gani?"

Wote wakanitazama. Agnesi alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Nikasema, "Sijui, mwalimu. Mzee ana homa kali. Anaweweseka."

Bi Rukia hakukasirika. Nilitamani angekasirika.

"Karisa, ukuta wangu na wenu ni mmoja."

"Labda ulisikia mtu mwingine, Bi Rukia."

Akakaza leso yake. "Haya. Nikamwambieje?"

"Mwambie nitakuja jioni."

"Jioni ni yako wewe," akasema. "Ya kwake siijui mimi." Akageuka akaenda zake.

Mimi nikanywa chai yangu. Nilikula na andazi, nakumbuka nilikula mawili. Posa ikakubaliwa, mjomba akanipiga begani. Nilipotoka pale sikutembea, nilikimbia, lakini niliyekuwa nikimkimbilia alikuwa amekwisha kufa tangu alasiri.

Bi Rukia alikuwa ameketi kizingitini pa karakana. Hakuinuka. Aliniambia yote kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anaeleza alivyopika.

"Alisema nusu. Wallahi nimeisikia mpaka nami naijua. Akifika pale anasimama, anageuza uso mlangoni, anangoja. Halafu anaanza tena. Nikamwambia Karisa ana wageni, atakuja jioni. Akasema, ana wajibu wake. Akaanza tena. Mwisho sauti ikawa ndogo, nikamshika mkono, nikamsomea niliyoyajua mimi, ya kwetu. Sijui kama inafaa. Sikuweza kumwacha akingoja hivyohivyo."

Hilo ndilo linaloniuma hata leo. Mama wa dini nyingine, asiyejua neno la Kisanskriti, alimpa mwenzake alichokuwa nacho. Mimi niliyekuwa na lile neno lenyewe kinywani nikalimeza na chai.

Ndugu zake wakaja kutoka kisiwani kesho yake, wakamchukua kumchoma kwa desturi yao, na kitabu wakakichukua katika kitambaa chake chekundu. Mimi nilisimama nje pamoja na majirani. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikabaki nikiitunza karakana kwa niaba yao, nikifanya kazi ndogondogo.

Vita vikaisha, meli zikarudi, na mwaka wa 1946 Harilal akafika. Kijana mrefu, mavazi meupe, uso wa baba yake mtupu. Alikuja Changamwe peke yake, akaizunguka karakana akigusa zana moja moja. Kisha akaniambia kwamba baba yake alimtumia barua kabla ya kufa, aliandikiwa na ndugu mmoja, akimwambia asihuzunike kuwa mbali, kwa sababu yuko kijana wa Rabai anayeijua ile sura yote na ameahidi.

"Ulikuwa naye mwisho?" akauliza. "Ulimsomea?"

Bi Rukia alikuwa kwao nyuma ya ukuta. Nilisikia mafuta yake yakichemka. Angeweza kusikia kila neno.

Nikasema, "Ndiyo."

Harilal akainama pale sakafuni, juu ya vumbi la mbao, akanigusa miguu yangu kwa vidole vyake, kisha akagusa kichwa chake. Hivyo ndivyo wanavyomheshimu mzazi au mwalimu. Mimi nilikuwa na viatu vya matairi, miguu michafu. Niliisimamisha miguu yangu palepale nikamwacha aiguse. Akaniambia aliyemfikisha baba yake ndiye anayestahili zana zake. Akaniachia benchi, randa, misumeno, karakana nzima, akaenda zake kisiwani akilia kwa shukrani.

Mafuta ya Bi Rukia yakaacha kuchemka. Hakusema kitu, siku ile wala siku yoyote mpaka alipozikwa. Ila mahamri hakuniletea tena.

Watu hupenda kunisifu kwamba nilianza na mikono mitupu. Mimi mwenyewe nimejisifu hivyo mbele ya watu, na kwenye harusi za wanangu. Sasa unajua nilianza na nini.

Nilimtafuta Harilal kumwambia kweli. Mara ya kwanza nilifika mpaka mlangoni pao kisiwani, nikageuka kwa woga. Mara ya pili nilipiga hodi, nikaambiwa amerudi Bara Hindi na familia yake. Barua sikujua kuandika ya namna hiyo, na kumwandikisha mtu mwingine nikaona haya. Miaka ikapita kwa sababu hizo ndogondogo.

Agnesi nilimwambia tukiwa tayari wazee, barazani, anachambua mchicha. Nilieleza kila kitu. Aliendelea kuchambua mpaka mchicha ukaisha, kisha akasema, "Ungekwenda. Mimi ningekungoja." Ndilo neno alilosema. Kumbe hata kile nilichouzia ahadi yangu hakikuwa kimeombwa bei hiyo.

Mimi ni Mkristo mpaka leo, na nitazikwa Mkristo. Sikuandika haya kukutoa kwenye dini yako uingie ya mtu mwingine. Nakuambia hivi: aliyekufundisha kazi, usimkane mbele ya watu, hata kama anasali kwa lugha ambayo watu wako wanaicheka. Heshima yake haipunguzi imani yako, na kama imani yako inapungua kwa kumshikia kipofu kitabu chake, basi haikuwa na uzito. Ukiitwa na mtu anayekufa, inuka, vikombe utavikuta palepale. Ahadi ukiitoa, ujue upande wa pili kuna mtu ameweka uzito wake wote, wewe ukiachia anapasuka yeye. Na siku mtu akiinama kukushukuru kwa jambo ambalo hukulifanya, ondoa miguu yako, mwanangu. Iondoe upesi. Utaaibika siku moja, na aibu ya siku moja inapona. Hii yangu haijapona.

Kila asubuhi sasa, kabla sijagusa zana, nausema ule mstari, nusu inayopanda na nusu inayoshuka. Sidhani ni sala. Yeye alisema tendo halipotei. Mimi naomba kwa Mungu wangu kwamba hata tendo lililochelewa lifike mahali.

Mungu akupe walimu wazuri, akupe na ujasiri wa kuwataja kwa majina yao. Akupe mtu wa kukushikia ncha siku yako ikifika, naye asiiachie.

Leo nina nyumba ya mawe Mjambere, vyumba sita, bati jipya. Nina karakana Changamwe, mafundi wanne, na kila kitanda kinachotoka humo kimepigwa randa chini kama juu. Nina minazi ishirini Rabai, pamoja na ule uliomwangusha baba. Nina wana watatu wa kiume na wa kike wawili, na kaburi la Agnesi nimelijengea. Nina benchi moja la mbambakofi na randa moja ya zamani ambazo si zangu. Na nina sura moja ya Kisanskriti, ninaijua yote mpaka neno la mwisho.